Semina ya maampaya wa softiboli Kampala: siku ya kwanza hata ukichelewa sawa, siku ya pili usikose

Watu kadhaa wameniuliza kama ile semina ya wikendi ya maampaya (waamuzi) wa softiboli, mchezo ndugu wa beisboli, inafaa hela yake au ni kula pesa za watu tu. Inafaa. Ila inafaa kwa sababu ya siku ya pili, na siku ya pili yenyewe inabebwa na kitu kimoja, rufaa za mkimbiaji aliyeruka besi, yaani aliyepita moja ya vile vituo vinne bila kukikanyaga, hayo mengine yote unaweza kuyapata bure ukikaa karibu na ampaya mzoefu mechi kadhaa huku unamnunulia soda.

Jina la waandaaji naliacha maana kuna malalamiko humu chini na sitaki kelele, ukimuuliza kocha yeyote wa softiboli hapa Kampala atakuelekeza. Uwanja ni wa shule moja upande wa barabara ya Gayaza, ada ni elfu sitini kwa siku zote mbili, unalipa kwa mobail mani, chakula cha mchana kimo. Tuliokuja tulikuwa mchanganyiko haswa: walimu wa michezo, vijana wa chuo, Wakenya wanaosoma Kansanga, dada zetu Wakongo ambao wana timu yao na wanajua mchezo kuliko walimu, pamoja na wanaume waliotoka beisboli. Kwa hiyo Kiswahili ndo kilituunganisha, Kiingereza kikabaki kwenye makaratasi na Kiluganda kwenye kupanga chakula.

Siku ya kwanza nisiwachoshe. Ratiba ilisema saa mbili asubuhi, tukaanza saa nne, spika ikawa inakoroma, tukapewa historia ndefu kwamba mchezo ulianzia Chicago mwaka 1887 ndani ya jumba kwa glavu ya ndondi iliyofungwa kamba na mpini, sawa ni hadithi tamu lakini saa nzima? Halafu Olimpiki, kwamba softiboli iliingia 1996 ikatoka baada ya 2008 ikarudi kwa Tokyo na inarudi tena 2028. Vizuri. Mimi nilikuja kujifunza kusimama nyuma ya kecha (mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji) bila kupigwa na mpira shingoni. Mchana tulifanya ishara za mikono, auti (ametolewa), sefu (yuko salama), taimu (simamisha mchezo), mpira mfu (mchezo umesimama), hiyo ilikuwa sawa, mkufunzi wa siku ile ni kijana mchangamfu ila anapenda sana kujisikia akiongea.

Sasa siku ya pili wakaleta mama mmoja wa makamo, ampaya wa siku nyingi, kila mtu anamwita Mwalimu, na huyu ndo sababu naandika haya yote. Alifika kabla yetu. Alikuwa na mfuko wa unga wa muhogo na brashi ya kufagilia pleti (besi ya nyumbani), akanyunyiza unga mwembamba juu ya kila besi mpaka ikawa nyeupe laini, kisha akatugawa, baadhi nje ya mstari karibu na besi ya kwanza, baadhi ndani ya almasi (ule mraba wa besi nne), kila mtu na kikaratasi. Wachezaji wakaanza kuzunguka besi kwa kasi kama wamepiga mpira wa mbali, na kazi yetu ni kuandika tu: amekanyaga, hajakanyaga. Hakuna kuongea na jirani.

Dada mmoja mrefu, Mkenya, mbio zake ni za mita mia nne unaona kabisa, akapita besi ya pili kama upepo. Walio nje wote waliandika amekanyaga. Walio ndani ya almasi wakaandika hajakanyaga. Tukaenda kuinama pale, unga uko salama kama ulivyomwagwa, na pembeni kwenye vumbi jekundu kuna alama za njumu, upana wa kidole kimoja tu kutoka kwenye kona ya besi. Kidole kimoja bana. Besi yenyewe ina sentimita 38 kila upande, sio kitu kikubwa, na mtu anafika pale ameinamia ndani kukata kona huku macho yanatafuta mpira uko wapi, hivo kuikosa ni rahisi kuliko mashabiki wanavyodhani.

Mwalimu hakucheka. Akasema, ampaya kazi yako sio rufaa, kazi yako ni mguu, rufaa wataleta wao wakitaka. Akaturudisha tena na tena mpaka unga ukaisha, na kila mara anabadilisha mahali pa kusimama ili kila mtu aone mwenyewe tofauti ya kutazama kutoka ndani na kutoka nje. Kosa alilolipigia kelele zaidi ni lile la kumfuata mkimbiaji kwa macho mwili mzima. Ukimtazama mwili utaona mtu anakimbia vizuri. Tazama kona ya besi, subiri mguu uje, ukishaona ndo urudi kwenye mpira, mpira una watu tisa wa kuuangalia.

Kwa wasiojua mchezo nieleze kidogo. Mkimbiaji akiruka besi, ampaya haruhusiwi kusema kitu. Hata kama ameona wazi. Anakaa kimya, mchezo unaendelea, na yule aliyepita besi anahesabiwa kama ameikanyaga mpaka timu ya ulinzi idai. Wasipodai kabla ya mpira unaofuata wa pitcha (mrushaji), uwe halali au haramu, imepita hiyo, rani (pointi) inabaki na hakuna wa kumlaumu. Mwisho wa iningi (kipindi cha mchezo) muda ni mpaka pitcha na wachezaji wa infildi (walinzi wa karibu na besi) wote wawe wameacha nafasi zao wakatoka ndani ya mistari kurudi benchi, na mwisho wa mechi ni mpaka maampaya waondoke uwanjani. Hapo kijana mmoja aliuliza, Mwalimu, sa mechi ikiisha nikimbie haraka ili wasinisumbue? Akamtazama. Akamwambia, mwanangu, hukimbii na hushangai shangai kama unangoja boda, unatembea mwendo wako wa kawaida.

Ukimya huo ndo mgumu kuliko vitu vyote, na ndo somo alilolifundisha vizuri kuliko yeyote niliyewahi kumsikia. Maana kusaliti sio mpaka uongee. Tulifanya zoezi la kuigiza, mmoja ampaya, wengine wachezaji, na yeye anakaa pembeni anakamata watu: huyu ameinamisha kichwa kuitazama besi baada ya mkimbiaji kupita, huyu amekunja uso, huyu ametikisa kichwa kidogo, huyu amenyoosha mkono nusu akaurudisha. Kecha mjanja anasoma vyote hivyo. Kuna dada wa Kikongo alikuwa anaigiza kecha, huyo alikuwa hatazami hata mpira, anatazama nyuso za maampaya tu, kila akiona mtu amekaza shingo anaita taimu. Alipata rufaa tatu za bure kwa njia hiyo na watu wakacheka mpaka basi.

Na rufaa yenyewe inavyokwenda ikachezwa hivi:

“Ampaya, taimu.”

“Taimu. Ndiyo dada?”

“Hakukanyaga.”

“Nani?”

“Yule aliyepiga.”

“Besi ipi?”

“Mzee si uliona mwenyewe!”

Mwalimu akaingilia hapo hapo. Mchezaji lazima aseme mkimbiaji yupi na besi ipi, ampaya asimalizie sentensi yake, asimsaidie hata kwa heshima ya umri wala kwa kuwa mnatoka kijiji kimoja. Akitaja yote, unamgeukia ampaya aliyekuwa na jukumu la besi ile, anatoa uamuzi mmoja, auti au sefu, kwa sauti, basi. Huanzi kueleza mguu ulipita wapi.

Waliotoka beisboli walipata shida hapa na nilifurahi kuona shida yao, sio kwa ubaya. Nchi hii tangu watoto wa Lugazi waende Williamsport, Marekani, mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza ile fainali ya dunia ya Little League (ligi ya beisboli ya watoto), beisboli ndo inajulikana na softiboli tunaonekana kama wadogo zao. Kwa hiyo wakaja na ya kwao, kwamba ili kudai lazima mpira uwe hai, yaani mchezo haujasimamishwa, pitcha ashuke kwenye bamba lake la kurushia, arushe besini, mlinzi akanyage. Kwenye softiboli hiyo njia ya mpira hai ipo, ukiwa na mpira unakanyaga besi iliyorukwa au unamgusa mkimbiaji mwenyewe, ila ijulikane wazi kwamba unadai, sio umejikwaa tu juu ya besi. Lakini tuna njia nyingine rahisi zaidi: wakimbiaji wakishamaliza kukimbia na taimu imeitwa, mchezaji wa infildi, hata pitcha hata kecha, anadai kwa mdomo tu, awe na mpira au asiwe nao. Hakuna kurusha popote. Jamaa mmoja wa beisboli hakuamini kabisa, akauliza mara ya pili, sa kwa nini mtu ajisumbue na mpira hai? Swali zuri. Kwa kweli ukiwa na wakimbiaji wengine besini ni kujitafutia balaa, mpira ukiwa hai nao wana ruhusa ya kusonga, ukirusha vibaya umedai auti moja ukawapa rani mbili.

Sehemu ya rani ndo ilinifanya nione elfu sitini imerudi. Alichukua vifuniko vya soda akavipanga chini kwenye vumbi. Auti mbili, besi zote zimejaa, mpigaji anachapa mpira mpaka kwenye miembe, watatu wote wanaingia nyumbani, yeye anasimama besi ya tatu anapiga makofi. Rani tatu ubaoni. Sasa ulinzi wanadai. Kama aliruka besi ya kwanza, ni auti ya tatu na rani zote tatu zinafutwa, maana mpigaji hakufika besi ya kwanza kihalali. Kama aliruka ya pili, ni auti ya tatu vilevile lakini rani tatu zinabaki, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha kwenda ya pili na wenzake walio mbele walishaingia. Mtu yule yule, pigo lile lile, besi tofauti, matokeo ya mechi tofauti! Halafu akasogeza kifuniko kingine: kama aliyeruka besi ya pili sio mpigaji bali yule aliyeanzia ya kwanza, huyo alikuwa analazimishwa na mpigaji, ni fosi, kwa hiyo zote zinafutwa tena. Na kama aliyeanzia ya pili aligusa ya tatu vizuri akaja kuruka nyumbani? Watu kimya. Sio fosi, fosi yake iliishia besi ya tatu, basi rani ya aliyemtangulia inahesabiwa, yake yeye hapana, na ya anayemfuata hapana. Nilipiga picha vile vifuniko, nimeviweka kwenye simu mpaka leo.

Hapo hapo akatuingizia kisa cha New York mwaka 1908, na hii ndo historia, sio ile ya siku ya kwanza. Ni beisboli lakini fosi ni fosi. Timu za Giants na Cubs, tarehe 23 Septemba, ziko sare 1 kwa 1, auti mbili mwisho wa iningi ya tisa, Giants wana mtu besi ya kwanza na ya tatu, mpira unapigwa vizuri, wa besi ya tatu anaingia nyumbani, mashabiki wanamwagika uwanjani. Fred Merkle, kijana wa miaka 19 aliyekuwa besi ya kwanza, anaona mechi imeisha anageuka kwenda zake bila kugusa ya pili. Johnny Evers wa Cubs akatafuta mpira akakanyaga besi. Sasa ampaya wa besi, Bob Emslie, alikuwa ameanguka akikwepa ule mpira, hakuona, lakini ampaya wa nyuma ya pleti, Hank O'Day, aliona. Auti, rani ikafutwa, sare. Timu zikamaliza msimu zimelingana, mechi ikarudiwa tarehe 8 Oktoba na Cubs wakashinda 4 kwa 2. Mwalimu alichotaka tukione sio Merkle, maskini Merkle wamemsema vya kutosha, ni O'Day: mwenzake yuko chini na yeye macho yake yako besini wakati watu elfu na elfu wanashangilia.

Na hapo ndo nina ugomvi na semina hii, ugomvi wa kweli. Mafundisho yote ya nani anatazama besi gani yalikuwa ya maampaya wawili. Mmoja nyuma ya pleti, mmoja uwanjani, huyu wa uwanjani anaingia ndani ya almasi kumtazama mpigaji akigusa ya kwanza na ya pili, yule wa pleti anapanda kuelekea ya tatu, wanasaidiana. Safi sana kwenye karatasi. Lakini njooni mechi zetu za shule na za wikendi, ampaya ni mmoja! Mmoja, na wakati mwingine huyo mmoja ndo anaandika pointi pia. Niliuliza, dada Mkongo akauliza, mwalimu mmoja kutoka Mukono akauliza, na tukapata dakika kama kumi hivi jioni watu wakiwa tayari wanatafuta mabegi. Hizo dakika kumi zilikuwa dhahabu lakini. Kwamba ukiwa peke yako toka nyuma ya pleti mara mpira ukipigwa, ingia ndani karibu na bamba la pitcha, chagua mguu unaoweza kuuona, na rufaa ikija kuhusu besi ambayo hukuiona jibu ni sefu. Hubahatishi auti. Hata kama benchi zima linakuapia, hata kama vumbi linaonyesha alama, kama macho yako hayakuona mguu ukiikosa hakuna auti. Hilo lilistahili asubuhi nzima, lile la Chicago lingepewa dakika kumi.

Lingine, makaratasi. Walitoa fotokopi ambazo zimeunganisha vitabu viwili tofauti vya sheria bila kusema, ukurasa mmoja unasema rufaa ya mpira mfu inadaiwa na mchezaji wa infildi, mbele kidogo unakuta na kocha naye anaruhusiwa. Ampaya mpya akishika hiyo atagombana na watu bure. Na pale nyumbani ikawa mjadala mkali, mkimbiaji akiikosa pleti na kecha akakosa kumgusa, Mwalimu anasema subiri kidogo, kama hakuna anayemgusa toa ishara ya sefu halafu ngoja wadai, wale wa beisboli wanasema hutoi ishara yoyote. Akawajibu kwa upole kwamba kila mashindano yana utaratibu wake, uliza kabla ya mechi, lakini karatasi lilipaswa kusema hivyo na halikusema.

Besi ya kwanza yenye rangi mbili, ile nyeupe na chungwa, waliigusia juu juu tu, kwamba mpigaji akichezewa pale akakanyaga nyeupe peke yake na ulinzi wakadai kabla hajarudi, ni kama ameruka besi. Ilitosha, wengi wetu hatuna hiyo besi, tuna gunia.

Chakula: matoke na binyebwa (mchuzi wa karanga) siku ya kwanza, tamu, siku ya pili posho (ugali) na maharagwe yaliyopoa. Chai ya asubuhi ilikuwa ya maziwa mengi. Choo kimoja kwa watu wote, wadada walilalamika na walikuwa na haki. Wanauza pia vile vihesabio vya mkononi vya kuhesabia mipira na auti, elfu thelathini na tano, usinunue, gurudumu la auti linateleza lenyewe ukikitia mfukoni, bora utumie mawe matatu kama zamani. Cheti kinakuja kwa picha ya WhatsApp, ukitaka cha karatasi unachapisha mwenyewe.

Nampa Mwalimu tano kati ya tano, waandaaji tatu. Wanasema ijayo wanaipeleka upande wa Mukono ili watu wa Jinja na Lugazi wafike kirahisi, bei haijabadilika kwa sasa. Ukienda ulizia kwanza kama ni yeye anayefundisha siku ya pili, na mkiwa wengi kutoka shule moja mwandikieni mapema kwamba mnataka somo la ampaya mmoja, nimeshamwandikia mimi, akanijibu tu “nimekuona mwanangu, leteni unga.”